Gwynfor Evans wa Llangadog: mkulima wa nyanya na nguvu ya kiti kimoja bungeni

Msomaji mmoja ameandika kwamba amesikia habari za mkulima wa nyanya huko Wales aliyeshindwa uchaguzi mara kadhaa, akashinda mara moja, na miaka mingi baadaye akailazimisha serikali ya Uingereza kuanzisha kituo cha televisheni kwa kutishia kugoma kula hadi afe. Anauliza kama habari hizo ni za kweli, mtu huyo aliwezaje kushinda katika jimbo la vijijini baada ya kuanguka mara zote hizo, na mbunge mmoja wa chama kidogo alikuwa na uwezo gani katika bunge la watu 630.

Habari ni za kweli kwa sehemu kubwa. Anayezungumziwa ni Gwynfor Evans, aliyekiongoza Plaid Cymru, chama cha kizalendo cha Wales, kuanzia mwaka 1945 hadi 1981, na ambaye mwaka 1966 alikuwa mtu wa kwanza wa chama hicho kuingia bungeni. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu maisha yake husimuliwa mara nyingi kama ngano ya shujaa aliyetoka shambani, na usimulizi huo huficha jambo ambalo kwangu ndilo la msingi. Evans hakuwahi kuwa na kura za kutosha bungeni kupitisha lolote alilolitaka. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuwafanya wakubwa wahofie viti vyao, na uwezo huo aliujenga vijijini, polepole, kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kwanza, hakuzaliwa shambani. Alizaliwa tarehe 1 Septemba 1912 katika mji wa Barry, bandari ya kusini mwa Wales iliyotajirika kwa kusafirisha makaa ya mawe. Baba yake, Dan Evans, alikuwa mfanyabiashara mwenye duka kubwa mjini hapo, na babu yake alikuwa mchungaji. Nyumba ilikuwa ya watu wa kanisa na wenye nafasi, lakini Kiwelisi hakikuwa lugha ya mtoto huyo, kwani Barry wakati huo ulikuwa mji wa Kiingereza, naye alijifunza lugha ya mababu zake akiwa kijana. Alisoma sheria Aberystwyth, kisha Oxford, akahitimu kuwa wakili mwaka 1939. Vita vilipozuka alikataa kushika silaha kwa sababu ya imani yake ya Kikristo, na baraza lililosikiliza shauri lake likamwachilia bila masharti. Msimamo huo wa kukataa umwagaji damu hakuuacha hata siku moja, na usipoujua huwezi kuelewa aliyoyafanya mwaka 1980.

Badala ya kufungua ofisi ya uwakili, alihamia Llangadog, kijiji cha bonde la mto Tywi katika kaunti ya Carmarthen, akajenga mabanda ya vioo ya kuoteshea nyanya katika ardhi ya familia yake. Mwaka 1941 alimwoa Rhiannon Prys Thomas, wakajaliwa watoto saba. Bustani ile haikumfanya tajiri, na bila mkono wa baba yake na uvumilivu wa mkewe asingeweza kuzunguka nchi nzima kwa kazi ya chama isiyokuwa na mshahara. Nalisema hili kwa sababu wasifu wa wanasiasa wa aina yake huandikwa kana kwamba waliishi kwa dhamira peke yake, ilhali nyuma ya kila safari ya jioni kulikuwa na mtu aliyebaki nyumbani akiangalia mimea, hesabu na watoto.

Chama alichokabidhiwa mwaka 1945 kilikuwa dhaifu sana. Plaid Cymru kilianzishwa mwaka 1925 mjini Pwllheli na kikundi kidogo cha walimu, wachungaji na waandishi, na shabaha yao ya kwanza ilikuwa kuinusuru lugha. Mwaka 1936 watatu kati ya viongozi wake walichoma moto majengo ya uwanja wa mafunzo ya kijeshi kwenye rasi ya Llŷn wakafungwa gerezani, na wakati wa vita chama kilishukiwa na wengi kwa kutotaka kuiunga mkono vita ya Uingereza. Evans alirithi sifa hiyo ya wasomi wanaoishi mbali na matatizo ya watu, na kazi yake ya kwanza, iliyomchukua miaka mingi, ilikuwa kukifanya kiwe chama ambacho mkulima wa ng'ombe wa maziwa au mke wa mchimba makaa angeweza kukipigia kura bila kujiona anafanya jambo la ajabu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kushindwa kwake. Aligombea kiti cha Merioneth mwaka 1945, 1950, 1955 na 1959. Katikati yake akagombea uchaguzi mdogo wa Aberdare mwaka 1954. Kisha akahamia jimbo la nyumbani, Carmarthen, mwaka 1964 na Machi 1966. Mara saba, na mara zote saba hakuchaguliwa. Ukitazama orodha hiyo peke yake utamwona kama mtu asiyejua kusoma alama za nyakati. Lakini katika miaka hiyohiyo alikuwa diwani. Mwaka 1949 alichaguliwa kuingia katika halmashauri ya kaunti ya Carmarthen, akakaa humo hadi mwaka 1974, robo karne nzima, mara nyingi akiwa peke yake au karibu peke yake kwa tiketi ya chama chake. Masuala ya halmashauri yalikuwa yaleyale ya kila mahali vijijini: shule ndogo inayotakiwa kufungwa, barabara isiyopitika, basi lililoondolewa, vijana wanaohama kwa kukosa kazi, na lugha ya kufundishia. Kwenye mambo hayo mtu hupimwa na jirani zake kwa karibu sana. Kufikia mwaka 1966 watu wa bonde la Tywi hawakuhitaji bango kuwaeleza Gwynfor ni nani, na jimboni humo walimtaja kwa jina lake la kwanza.

Tukio lililompa sauti nje ya kaunti yake lilitokea kaskazini, katika bonde la Tryweryn. Mwaka 1955 jiji la Liverpool, lililoko England, lilitangaza mpango wa kulifunika bonde hilo kwa maji ili lipate bwawa, na ndani ya bonde hilo kulikuwa na kijiji cha Capel Celyn, chenye shule, posta, kanisa na mashamba, ambacho wakazi wake wote waliishi kwa Kiwelisi. Tarehe 7 Novemba 1956 Evans na wenzake wawili waliingia katika ukumbi wa baraza la jiji la Liverpool. Aliposimama kutaka kusema, madiwani walimzomea na kugonga meza mpaka sauti yake ikamezwa, na polisi wakaitwa kuwatoa nje. Wiki mbili baadaye, tarehe 21 Novemba, wanakijiji karibu wote, watoto kwa wazee, waliandamana katika mitaa ya Liverpool wakiwa na mabango, naye akiwa mbele yao, na safari hii alipewa nafasi ya kusema. Haikusaidia. Muswada ulipita bungeni mwaka 1957 ingawa kati ya wabunge 36 wa Wales hakuna hata mmoja aliyeupigia kura ya ndiyo katika hatua yake kuu, 35 waliukataa. Bwawa lilizinduliwa tarehe 21 Oktoba 1965, na sherehe yake ikavurugwa na waandamanaji kiasi kwamba ilimalizika kwa dakika chache.

Tryweryn ilimjengea heshima na kumletea lawama kwa wakati mmoja. Heshima, kwa sababu hesabu ile ya wabunge 35 ilifanya kazi ambayo hotuba za chama hazikuwahi kuifanya: kila mtu mwenye akili timamu aliona kwamba wawakilishi wote wa nchi wanaweza kusimama pamoja na bado wakashindwa kulinda kijiji kimoja. Lawama, kwa sababu vijana ndani ya chama walimwona mpole mno. Walitaka vifaa vya ujenzi viharibiwe, na wachache walifanya hivyo bila ridhaa yake. Yeye alikataa kuupa uharibifu baraka ya chama. Naamini alikuwa sahihi, ingawa katika miaka ile ya mwanzo ya sitini msimamo wake ulikaribia kumpotezea uongozi.

Sasa nije kwenye ushindi wenyewe. Machi 1966 kiti cha Carmarthen kilichukuliwa tena na Megan Lloyd George wa chama cha Labour, binti wa aliyekuwa Waziri Mkuu David Lloyd George. Alikuwa mgonjwa sana hata hakuweza kufanya kampeni, na tarehe 14 Mei akafariki. Evans, aliyekuwa amepata kura 7,416 tu mwezi Machi, alisimama tena katika uchaguzi mdogo wa tarehe 14 Julai na kupata kura 16,179. Mgombea wa Labour, Gwilym Prys Davies, alipata 13,743. Yaani katika miezi minne kura zake ziliongezeka zaidi ya mara mbili.

Sababu zilikuwa nyingi, na nitazitaja zile ninazoziona nzito. Jimbo hilo lilikuwa na nusu mbili: magharibi na kaskazini wakulima wadogo, mashariki wachimbaji wa makaa ya mawe katika mabonde ya Amman na Gwendraeth. Nusu zote mbili zilikuwa na hofu. Migodi midogo ilikuwa ikifungwa chini ya serikali ya Labour ambayo wachimbaji waliamini ni yao; reli ya abiria kati ya Carmarthen na Aberystwyth ilikuwa imefungwa mwaka 1965; shule za vijijini zilikuwa mashakani. Karibu robo tatu ya watu wa kaunti hiyo walizungumza Kiwelisi, ilhali katika Wales nzima sensa ya mwaka 1961 ilikuwa imewahesabu wazungumzaji kuwa asilimia 26 tu, wakiendelea kupungua. Tena uchaguzi mdogo humpa mpiga kura uhuru ambao uchaguzi mkuu haumpi: anaweza kuionya serikali bila kuiangusha. Wako waliompigia Evans kwa sababu ya uhuru wa Wales, lakini wengi zaidi, kwa maoni yangu, walimpigia jirani waliyemjua ili London isikie. Na Prys Davies hakuwa adui wa Wales hata kidogo, kwani naye alizungumza Kiwelisi na alitaka baraza la kuchaguliwa la Wales. Tatizo lake lilikuwa kutetea rekodi ya serikali mbele ya watu waliokuwa wamekwisha kukata shauri.

Matokeo yalitangazwa usiku wa manane mbele ya umati uliojaa uwanja wa ukumbi wa mji wa Carmarthen, na wapo wazee waliosimama pale wakilia kwa kuwa walikuwa wamekifanyia chama kazi tangu ujana wao bila kuonja ushindi. Siku chache baadaye Evans alikwenda London kuchukua nafasi yake. Aliomba kuapa kwa Kiwelisi, akakataliwa. Katika bunge la taifa linalojumuisha Wales, lugha ya Wales haikuruhusiwa katika kiapo cha mbunge wake, na kukataliwa huko kulisomwa katika magazeti ya nyumbani kama somo la siasa lililo rahisi kueleweka kuliko mhadhara wowote.

Je, alifanya nini bungeni? Kwa upande wa sheria alizozipitisha yeye mwenyewe, karibu hakuna. Wabunge wengi wa Labour kutoka Wales walimpokea kwa ubaridi, wengine kwa uadui wa wazi. Silaha aliyoichagua ilikuwa maswali ya maandishi, mamia ya maswali kuhusu kila idara: wangapi hawana kazi Wales, kiasi gani kinatumika kwa barabara, hospitali ngapi, shule ngapi. Majibu ya mawaziri yalichapishwa na chama kama vijitabu vikauzwa. Kazi hiyo ilichosha na haikuwa na shangwe, lakini kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kushika mkononi takwimu za nchi yake zilizotiwa saini na serikali yenyewe.

Nguvu halisi ilikuwa nje ya ukumbi. Machi 1967 ulifanyika uchaguzi mdogo Rhondda West, ngome ya Labour ya wachimba makaa, na tofauti ya kura ya Labour ikaporomoka kutoka 16,888 hadi 2,306. Julai 1968 huko Caerphilly ikaporomoka kutoka 21,148 hadi 1,874. Katikati yake, Novemba 1967, chama cha Scotland cha SNP kilichukua kiti cha Hamilton. Mbunge wa Labour ambaye hadi jana alihesabu kura zake kwa kuzipima kwa mizani ghafla alianza kuuliza watu wake wanataka nini. Sheria ya Lugha ya Kiwelisi ilipitishwa mwaka 1967, na ingawa maandalizi yake yalianza kabla ya Julai 1966, hali mpya iliiharakisha. Mwaka 1969 serikali ya Harold Wilson iliunda tume ya kuchunguza katiba, na tume hiyo mwaka 1973 ilipendekeza bunge la Wales. Inasimuliwa mara nyingi pia kwamba pendekezo la kufunga reli inayopita katikati ya Wales, ambayo kituo chake kimoja ni hapohapo Llangadog, lilizimwa pale waziri wa Wales, George Thomas, alipomkumbusha Waziri Mkuu kwamba reli hiyo inapita katika majimbo kadhaa yenye ushindani mkali. Reli hiyo ipo hadi leo.

Msomaji asidhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Mwaka 1969, wakati wa kusimikwa kwa Prince Charles kuwa Mwana wa Mfalme wa Wales, kulikuwa na milipuko ya mabomu iliyotegwa na kikundi kisichohusiana na chama, na watu wawili walikufa Abergele kwa bomu walilolibeba wenyewe. Evans alilaani, lakini wapiga kura wengi hawakutaka kukitenganisha chama na kikundi hicho. Mwaka 1970 alikipoteza kiti kwa Gwynoro Jones wa Labour. Februari 1974, baada ya kura kuhesabiwa tena na tena, alishindwa kwa kura 3. Oktoba mwaka huohuo alirudi bungeni kwa tofauti ya kura 3,640, akiwakuta wenzake wawili, Dafydd Wigley na Dafydd Elis-Thomas, waliokwisha kushinda kaskazini.

Watu watatu katika bunge lisilo na chama chenye wingi wa kutosha si watu wachache. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan ilipokabiliwa na kura ya kutokuwa na imani, wabunge hao watatu waliiunga mkono kwa makubaliano ya kuharakisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi wa machimbo ya mawe ya kuezekea, ambao mapafu yao yalikuwa yameharibiwa na vumbi. Serikali ilianguka kwa kura 311 dhidi ya 310, lakini sheria ile ilipita na wagonjwa wakalipwa. Katika yote ambayo Plaid Cymru kiliyapata Westminster, yaani katika bunge la London, katika zama zake, hili ndilo ningelitaja kwanza, kwa kuwa walionufaika walikuwa wazee waliokohoa majumbani mwao bila mtu wa kuwajali.

Mwezi huohuo wa Machi 1979 ulikuwa wa majonzi makubwa kwake. Tarehe 1 wananchi wa Wales waliulizwa kama wanataka bunge lao, na walioafiki walikuwa kama mmoja tu kati ya watano. Mwezi Mei akapoteza kiti chake. Kazi ya miaka 34 ilionekana kuyeyuka katika majira moja ya kuchipua. Na hapo serikali mpya ya Margaret Thatcher, ambayo katika ilani yake ilikuwa imeahidi kwamba chaneli ya nne ya televisheni ya Wales itakuwa na vipindi vya Kiwelisi, ikabadili msimamo. Waziri wa Mambo ya Ndani, William Whitelaw, alitangaza Septemba 1979 kwamba vipindi vya Kiwelisi vitabaki kugawanywa katika vituo vilivyopo.

Watu wapatao elfu mbili walitangaza kutolipa ada ya leseni ya televisheni. Wasomi watatu wenye heshima zao waliingia katika kituo cha kurushia matangazo cha Pencarreg na kuzima mitambo, kisha wakajisalimisha. Mwezi Mei 1980 Evans akatangaza kwamba kuanzia tarehe 6 Oktoba hatakula tena mpaka ahadi itimizwe au afe. Alikuwa anakaribia miaka 68. Wengi wamejadili kama mtu anayekataa umwagaji damu ana haki ya kutishia kujiua, na hata marafiki zake wa kanisani walisumbuka. Mimi nauona uamuzi huo ukifuatana sawasawa na maisha yake: alikuwa amekataa kwa miaka arobaini kumuumiza mtu mwingine, na gharama pekee aliyojiruhusu kuitoa ilikuwa mwili wake mwenyewe.

Hata hivyo, msomaji alipouliza kama mgomo huo ndio ulioleta kituo, jibu sahihi ni kwamba haukufanyika kabisa. Mwezi Septemba alizunguka Wales akihutubia maelfu ya watu, na serikali ikaanza kupiga hesabu ya kitakachotokea mtu huyo akifa. Kilichoipa njia ya kurudi nyuma bila kuaibika ni ujumbe wa watu watatu ambao hakuna aliyeweza kuwaita wachochezi: Cledwyn Hughes, waziri wa zamani wa Labour, Askofu Mkuu wa Wales G. O. Williams, na Sir Goronwy Daniel, aliyekuwa mkuu wa watumishi wa serikali katika wizara ya Wales. Walimwona Whitelaw wakamweleza kwamba watu wa katikati nao wamekasirika. Tarehe 17 Septemba 1980 serikali ikatangaza kwamba ahadi itatimizwa, wiki tatu kasoro kabla ya siku aliyoipanga. Bila tishio lake, ujumbe ule usingesikilizwa. Bila ujumbe ule, huenda serikali ingekaza shingo. Kituo hicho, S4C, kilianza kurusha matangazo tarehe 1 Novemba 1982.

Lipo jambo ambalo hakulifanikisha, na waandishi wanaompenda hulipita haraka. Wakazi wengi wa Wales wanaishi kusini mashariki, katika mabonde ya viwanda na miji inayozungumza Kiingereza, na huko chama chake kilitikisa viti bila kuvichukua. Lugha yake ya siasa, iliyojaa historia, kanisa na jamii ya kijijini, iliwagusa sana watu wa Llangadog na kuwapita watu wa Newport. Kura ya maoni ya 1979 ilionyesha ukubwa wa pengo hilo. Ilipofanyika nyingine tarehe 18 Septemba 1997, waliokubali walikuwa asilimia 50.3, wakizidi kwa kura 6,721 tu, na matokeo ya kaunti ya Carmarthen, yaliyofika mwisho kabisa alfajiri, ndiyo yaliyougeuza upande wa ndiyo kuwa mshindi. Evans alikuwa na miaka 85 wakati huo, akiishi Pencarreg. Alifariki hapo tarehe 21 Aprili 2005, miaka sita baada ya wajumbe wa kwanza wa bunge la Wales, mjini Cardiff, kuchaguliwa.